UZI: Kuchagua oveni ya mezani ukiwa Nyanda za Juu Kusini. Anza na soketi yako, dukani uende baadaye

MamaIwambi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "nataka oveni ya mezani, ninunue lita ngapi?" halikosi wiki humu ndani. Huyu anataja jina la oveni yake, yule anasema hiyo ni feki, wa tatu anasema mkaa ndio mpango mzima, uzi unakufa na muulizaji anabaki palepale. Nimeoka nyumbani hapa Mbeya miaka minne sasa, keki na mikate ya familia na ya oda chache. Mwanzoni nilipoteza hela kwa kutojua, na nisingependa mwenzangu apitie njia hiyo.

Oveni yangu ya kwanza ilikuwa ya lita 45, niliinunua Mwanjelwa. Kipimo cha keki nilipewa na wifi yangu wa Dar, keki yake naijua, nimeila mara nyingi. Nikafuata kila kitu kama alivyoniandikia. Ile keki ikapanda vizuri mpaka nikamwita mume wangu aje aione kwenye kioo. Ilipofika dakika ya 25 ikaanza kushuka katikati polepole, tunaiangalia. Nilipoitoa ilikuwa na shimo la kuingia ngumi, pembeni imekauka na katikati inang'aa bado mbichi. Nikarudia mara tatu, mayai mapya, unga mpya, shimo lilelile.

Nikaamua oveni ni feki. Nikamuuzia jirani kwa hasara, nikaongeza hela nikachukua yenye jina kubwa zaidi. Keki ya kwanza kwenye oveni mpya ikatoka na shimo.

Jioni moja nikiwa naoka nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni, kwa sababu soketi ya ukutani iko mbali na meza. Niligusa ile ekstensheni nikarudisha mkono haraka. Tundu moja lilikuwa limegeuka kahawia na limeanza kulegea kama nta. Nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu. Alipima soketi saa moja na nusu usiku, watu wote wakiwa wamewasha majiko na majagi, akapata volti 196. Akawasha oveni kupitia ile ekstensheni, akapima tena: 184.

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Nguvu ya koili, ile sehemu ya ndani inayotoa joto, haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili. Koili iliyotengenezwa kutoa wati 2000 kwenye volti 230, ukiipa 184, ambayo ni asilimia 80, inatoa wati 1280 tu. Nilikuwa nimelipia oveni ya wati 2000 halafu naoka na ya wati 1280. Na yule jirani niliyemuuzia ile "feki"? Anachomeka ukutani moja kwa moja, anaoka asubuhi saa nne watu wakiwa kazini, na mpaka leo mikate yake inatoka vizuri. Oveni yangu ilikuwa nzima kabisa.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mwinuko, nitaieleza chini akiuliza mtu, maana inahusu kipimo cha keki zaidi kuliko oveni.

Sasa kuchagua. Kabla ya kwenda dukani fanya mambo mawili nyumbani. Muite fundi mwenye mita akupimie volti ya soketi ya jikoni muda ambao wewe huwa unapika, siyo muda ambao yeye ana nafasi. Halafu pima kwa futi ya fundi cherehani vyombo vyako vya kuokea: upana, urefu, na kimo pamoja na nafasi ya keki kupanda.

Lita zinadanganya. Kuna oveni mbili zimeandikwa lita 30 zote, moja ni pana na fupi, nyingine ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na chombo chako cha inchi 9 kinaingia kwenye moja tu. Chombo kikiingia kinatakiwa kibaki na nafasi ya vidole viwili kila upande, hewa ya moto ipite. Kikibanana na kuta, pembeni panaungua kabla ya katikati kuiva. Kwa hiyo nenda na chombo chako dukani, kiingize, funga mlango. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwa makadirio: zile za lita 9 hadi 12 ni za tosti na kupasha sambusa, huwa na wati 800 hadi 1000. Lita 20 hadi 25 zinamtosha mtu mmoja au wawili. Familia ya watu watano inayooka keki moja na kuku wa Jumapili itafute 35 hadi 45, hapo wati ni 1500 hadi 2000. Kuanzia 60 ni za mtu wa oda nyingi, na hizo zinahitaji nyumba yenye nyaya za uhakika.

Kitu ambacho mimi sikubali kukosa ni swichi ya kuchagua koili. Iwe na uwezo wa kuwasha ya chini peke yake, ya juu peke yake, na zote mbili. Oveni nyingi za bei ya chini zina vitufe viwili vya kuzungusha, joto na muda, koili zote zinawaka daima. Hiyo itakuchomea keki juu huku chini haijaiva. Tafuta yenye vitufe vitatu au vinne. Feni ya kuzungusha hewa ni nzuri ukiipata, hasa ukioka biskuti trei mbili kwa pamoja, ila ukiwasha feni punguza joto nyuzi 20 hivi. Kile chuma cha kuzungushia kuku, sijui, mimi nimekitumia mara mbili kwa miaka minne.

Kingine, angalia kibandiko cha nyuma. Kiseme 220–240V, 50Hz, na wati. Kisichokuwa na kibandiko usikichukue hata kwa nusu bei. Na muombe muuzaji aiwashe hapohapo dakika tano: koili zote ziwake, taa ya joto iwake na izime, mlango ukiufunga ubane vizuri bila kushikiliwa. Mlango unaoacha uwazi hata wa unene wa sarafu utakula umeme wako na kukuharibia themostati, kile kinachozima na kuwasha koili kulingana na joto.

Karibuni kwa maswali.

FundiMafinga

Kamwene wote. Dada umeandika kitu ambacho sisi mafundi tunakisema kila siku na hatusikilizwi. Naomba niongeze upande wangu.

Plagi yetu ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani, kubwa kabisa ni ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2990, chini kidogo ya 3000. Oveni ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9. Hiyo peke yake ni salama. Shida inakuja pale mtu anapokuwa na ekstensheni moja yenye matundu manne, kachomeka oveni ya 2000 na jagi la maji la 2000. Hapo umefika ampea 17 kwenye waya ambao ukiuchuna ndani unakuta nyuzi nyembamba za milimita za mraba 0.75. Huo waya ni wa taa na redio.

Nyumba nyingi ninazoingia, waya wa soketi unatakiwa uwe 2.5, lakini nakuta mtu alibana matumizi wakati wa kujenga akavuta 1.5 ambao ni wa taa. Huwezi kuuona, uko ndani ya ukuta. Kwa hiyo kabla hujaleta oveni kubwa, fungua soketi moja ya jikoni fundi aangalie. Ni kazi ya dakika kumi.

Na fyuzi ikikatika, tafadhali sana, msiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo jiko lilikuwa jeusi mpaka darini kwa ajili ya hiyo.

La mwisho ni athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja ili usikupige. Mwili wa oveni ni bati. Nyingine zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, mtu anatumia adapta, waya wa athi unakuwa haufiki popote. Ukigusa oveni ikiwa imewaka ukahisi kama inakufinyafinya vidole, zima, chomoa, usiitumie mpaka fundi aje. Na huku kwetu kiangazi udongo ukikauka, ile fimbo ya athi nje inapoteza nguvu. Mimi nyumbani kwangu namwagia maji ndoo moja pale ilipochimbiwa, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zianze.

BintiTukuyu

Dada MamaIwambi ndaga fijo. Mimi nimekwama hapohapo kwenye shimo la katikati. Ninaoka kwa oveni ya lita 38, soketi ya ukutani, na fundi kapima kapata volti 225. Umeme wangu hauna shida lakini keki inaporomoka. Hiyo habari ya mwinuko nisaidie.

MamaIwambi (mleta uzi)

Mdogo wangu, wewe umeniuliza swali ambalo lilinichukua mwaka mzima kulijibu.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tunavyopanda juu hewa inapungua uzito. Maji ya Dar yanachemka kwenye nyuzi 100, ya kwetu yanachemka kwenye 94 hivi. Maharage yanatuchukua muda mrefu kuiva kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye keki inakuwa hivi. Beking pauda inatoa gesi, gesi inatengeneza vipovu. Huku kwetu hewa ya nje haina uzito wa kuvibana, kwa hiyo vinavimba kuliko vinavyotakiwa na kwa haraka. Keki inapanda kabla kuta zake hazijashikana. Vipovu vinapasuka, katikati panadondoka. Wakati huohuo maji yanakauka upesi, sukari inabaki nyingi kwenye mchanganyiko, na sukari nyingi inaifanya keki ichelewe kushikana. Wifi yangu hakukosea kipimo chake, ni cha usawa wa bahari.

Nilivyobadilisha mimi, kwa kila kikombe cha unga: sukari napunguza kijiko kimoja cha chakula, maziwa naongeza vijiko viwili vya chakula hadi vitatu. Beking pauda, pale walipoandika kijiko kimoja cha chai naweka robo tatu. Joto naongeza nyuzi 10, pale wanaposema 170 naweka 180, ili kuta zishikane mapema, halafu naanza kuichungulia dakika tano kabla ya muda ulioandikwa. Na mayai siyapigi mpaka yawe povu jeupe lililosimama, naishia pale yanapochanganyika vizuri tu, maana lile povu nalo ni hewa.

Badilisha kitu kimoja au viwili kwanza uone. Anza na beking pauda.

MdauKyela

Mimi niko Kyela mjini, joto huku, ziwa liko jirani. Je, na mimi nipunguze?

MamaIwambi (mleta uzi)

Hapana kaka. Ziwa Nyasa halizidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Kyela mko jirani nalo. Fuata kipimo cha Dar kama kilivyo. Shida hii ni ya kwetu wa Mbeya, Iringa, Mafinga, na hasa ndugu zetu wa Njombe na Makete walio juu zaidi yetu. Ukimtembelea ndugu Makete ukaoka kwa kipimo chako cha Kyela, mtaona tofauti kwa macho.

MwanaTunduma

Wakuu, nimeletewa oveni ya mezani kutoka Marekani na shemeji yangu, nzuri sana, nzito, kioo kinene. Nyuma imeandikwa 120V, 60Hz, 1800W. Plagi yake ni miguu miwili bapa na mmoja wa mviringo. Nikinunua adapta ya plagi si itafanya kazi?

FundiMafinga

Ndugu yangu usiichomeke! Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, umeme unabaki uleule wa 230. Koili ya volti 120 ukiipa 230 itataka kutoa nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa. Wati 1800 inakuwa zaidi ya 6000. Ikikubahatisha fyuzi inakatika, isipokubahatisha koili inapasuka, na ukiwa umeweka msumari kwenye fyuzi basi ni moto. Vitu vya mtumba vya Japani ni hatari zaidi, kule ni volti 100.

Ipo transfoma ya kushusha umeme, lakini kwa oveni ya 1800 unahitaji transfoma ya angalau wati 2500 ili isichemke, ni dude zito kama mfuko wa mchele. Gharama yake mimi ningeiweka kwenye oveni nyingine ya volti zetu. Pole sana, najua ni zawadi.

MwanaTunduma

Nimeelewa mkuu. Namshukuru Mungu nilikuwa bado nasubiri adapta iletwe kesho. Nitaikalisha kabatini kwa heshima ya shemeji.

MamaMakambako

Wanangu, mimi nimeoka mikate ya mkaa tangu 1987. Sufuria kubwa, mchanga chini, moto kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Watoto wangu watano wamesoma kwa mikate hiyo. Sijapima volti wala mwinuko. Kwa nini mnajisumbua?

MamaIwambi (mleta uzi)

Shikamoo mama. Mkate wa mkaa mimi siubishii, ile ladha na ule ukoko wa juu oveni yangu haijawahi kuutoa. Na wewe mwinuko umeshaupima kwa mikono yako miaka yote hiyo, kipimo chako cha hamira kimezaliwa hukohuko Makambako, hakikutoka pwani.

Ila mama, mimi nafanya kazi mpaka jioni, na nyumba niliyopanga jiko liko ndani. Mkaa ndani ya nyumba, milango imefungwa kwa baridi ya mwezi wa saba, ni hatari, ile hewa yake inaua na haina harufu. Hicho ndicho kilichonitoa kwenye mkaa.

MamaMakambako

Marahaba mwanangu. Hilo la milango kufungwa ni kweli, mimi napikia banda la nje. Basi niambie huo umeme unakula kiasi gani, mjukuu wangu anataka nimnunulie.

MamaIwambi (mleta uzi)

Mama, nilipima kwa mita ya LUKU, nikazima kila kitu ndani mpaka friji. Kabla ya kuwasha mita ilisoma uniti 41.7. Nikapasha oveni dakika 10, nikaoka keki ya vikombe viwili vya unga dakika 40. Baada ya kuzima ikasoma 40.8. Ni uniti 0.9 kwa keki moja. Koili haziwaki muda wote, themostati inazima na kuwasha, ndiyo maana haikufika hata uniti moja na nusu.

Kwa hela inategemea uko kundi gani. Wenzetu wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti kwao ni shilingi 100, ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 122. Kwao keki hiyo ni kama shilingi 110. Mimi niko kundi la kawaida, uniti inanigharimu kama 356 na kodi zake, kwa hiyo keki ni 320.

Lakini hapa nawaomba muwe makini, hasa mlio kwenye kundi la matumizi madogo. Tuseme nyumba yako inakula uniti 60 kwa mwezi, friji na taa na runinga. Ukianza kuoka mara tano kwa wiki kwa kiwango changu, ni uniti 4.5 kwa wiki, karibu 20 kwa mwezi. Umeshafika 80. Utapita mpaka wa 75, na huko bei ya uniti ni nyingine kabisa. Gharama ya oveni kwako inaweza kuwa keki pamoja na bei mpya ya kila kitu kingine ndani ya nyumba. Piga hesabu hiyo kabla.

KakaIringa

Nipo Iringa mjini, bachela. Kwa nini nisichukue ea fraya? Au jiko la gesi lenye oveni yake chini nimalize kila kitu?

MamaIwambi (mleta uzi)

Kaka, kama unachotaka ni chipsi za viazi, kuku vipande na kupasha chakula, ea fraya itakutosha, ni oveni ndogo yenye feni kali. Keki ya inchi 8 au mkate wa boksi hauingii kwenye nyingi ya hizo.

Jiko la gesi lenye oveni ni zuri kwa anayeoka sana na mwenye nafasi, na umeme ukikatika katikati ya keki wewe unaendelea. Nililotumia kwa dada yangu moto ulikuwa chini tu, juu keki ilibaki nyeupe, na joto lilikuwa la kukisia mpaka tukanunua kipima joto. Ukiliendea, uliza kama kuna moto wa juu.

BintiTukuyu

Nyongeza kuhusu koili. Dukani Mwanjelwa nimeona aina mbili: nyingine ni vijiti vyeupe vya kioo vinawaka vyekundu mara moja, nyingine ni chuma cheusi kinachelewa kuwaka. Nichukue ipi nikija kubadilisha?

FundiMafinga

Chuma. Vile vya kioo vinapata moto haraka, kwa tosti ni vizuri, lakini ukidondoshea maji au sufuria ikikigonga kinapasuka, na barabara zetu kabla hakijafika kwako kimeshagongwa vya kutosha. Chuma kinachelewa dakika chache kisha kinashika joto vizuri, na nikikifungua naweza kukutafutia kingine cha kufanana.

DadaSoweto

Natofautiana na fundi kidogo. Mimi nina ya vijiti vya kioo mwaka wa tatu huu, haijapasuka. Ninachofanya sifuti ndani mpaka ipoe kabisa, na nyama yenye mafuta naifunika. Kwa mtu anayeoka mkate wa asubuhi kwa watoto kabla ya shule, kule kuwaka haraka kunasaidia sana. Ni utunzaji.

FundiMafinga

Sawa dada, kwa utunzaji huo sina neno.

MwalimuNjombe

Naomba msaada wa hamira. Mnasema juu huku vitu vinapanda haraka, mbona mwezi wa saba unga wangu wa mkate unalala masaa matatu haujapanda? Kipimo kinasema saa moja.

MamaIwambi (mleta uzi)

Mwalimu, hapo baridi imeushinda mwinuko. Hamira ni kiumbe hai, inataka joto kama la mwili wa mtoto, na jiko la Njombe mwezi wa saba asubuhi nani atakaa bila koti. Oveni yako ndiyo dawa. Iwashe kwenye joto la chini kabisa kwa dakika moja, izime, ingiza mkono: uhisi uvuguvugu tu, usihisi moto. Weka bakuli la unga limefunikwa kwa kitambaa kibichi, pembeni weka kikombe cha maji ya moto, funga mlango. Usiwashe tena. Saa moja na robo kwangu unakuwa umejaa bakuli. Usiuache upande kupita mara mbili ya ulivyokuwa, hapo ndipo mwinuko unarudi kukudai, mkate unajaa mashimo.

Na kwa wote mtakaonunua: siku ya kwanza iwashe tupu dakika 20 kwenye joto la juu, madirisha wazi. Itatoa moshi kidogo na harufu ya mafuta ya kiwandani, ni kawaida. Iwe mbali na ukuta kiganja kizima, isiwe chini ya pazia, wala usiweke maboksi juu yake. Msitandike karatasi ya foili kwenye ile trei ya chini ya kudakia makombo, inarudisha joto kwenye koili na kuziua.

Halafu kipima joto kidogo cha kuning'iniza ndani. Kuliko kuongeza hela ya feni, nunua hicho. Kitufe changu kikisema 180, jioni ndani ni 155. Asubuhi ni 175. Nisingekuwa nacho ningekuwa nagombana na oveni mpaka leo.

BintiTukuyu

Narudisha mrejesho, Jumapili usiku. Nimepunguza beking pauda kwa robo, nimeongeza maziwa vijiko vinne kwa vikombe viwili vya unga, nimeweka 180. Haikudondoka! Juu imesawazika, katikati imeinuka kidogo tu kama mgongo wa kijiko. Nimeikata na bibi yangu, ameomba kipande cha pili. Tatizo lililobaki, juu imekuwa kahawia sana kabla ya dakika 30.

MamaIwambi (mleta uzi)

Nimefurahi mno mdogo wangu, na bibi msalimie. Shusha rafu ngazi moja chini. Dakika 20 za kwanza tumia koili ya chini peke yake, halafu washa zote mbili mpaka imalize. Kama oveni yako haina hiyo swichi, ilaze foili juu ya chombo ikifika dakika ya 20, uilegeze isiguse keki wala koili. Jumapili ijayo tuambie.